Kufunga mpaka hakujazi ghala

Mei 2017 meli zilikuwa zikishusha mahindi meupe katika bandari ya Mombasa, mahindi yaliyonunuliwa Meksiko na kuvushwa bahari. Kenya ilikuwa imepigwa na ukame, pakiti ya unga ya kilo 2 ilikuwa imefikia takriban shilingi 150, na serikali ikalazimika kutia ruzuku ili pakiti hiyo iuzwe kwa shilingi 90. Mwezi uliofuata, Juni, serikali ya Tanzania nayo ikazuia nafaka kuuzwa nje ya nchi kwa hofu ya njaa. Haukupita muda, wakulima wa Rukwa, Ruvuma, Njombe na Mbeya wakajikuta na magunia yasiyo na mnunuzi, na bei ikaporomoka. Nchi mbili zinazopakana kuanzia Ziwa Victoria hadi Bahari ya Hindi zikawa katika hali ya kusikitisha: moja inalipia meli kuleta chakula kutoka bara jingine, nyingine inawazuia wakulima wake wasimuuzie jirani. Uamuzi wa kila upande ulitetewa kwa jina la kulinda wananchi. Hoja yangu ni kwamba maamuzi ya namna hii, ambayo Afrika Mashariki imeyarudia mara nyingi mno, huwaumiza wananchi walewale yanaodai kuwalinda, na chanzo chake ni kukosea hesabu moja ya msingi.

Kila tunapoamua kuzalisha kitu tunakilipia bei mbili. Ya kwanza huandikwa daftarini: mbegu, mbolea, vibarua, dizeli, nauli ya lori. Ya pili haiandikwi popote, nayo ni kile ambacho ardhi ileile, maji yaleyale, mikono ileile na fedha zilezile zingetupatia kama tungezielekeza kwenye kazi nyingine. Wachumi huiita gharama ya fursa. Wahenga waliijua kabla ya wachumi, waliposema kuwa mshika mbili moja humponyoka. Ekari iliyopandwa miwa mwaka huu haiwezi kuwa ekari ya maharage mwaka huuhuu, na shilingi ya kodi iliyochimba mfereji mahali fulani haikujenga barabara mahali pengine. Kwa hiyo waziri anaposimama jukwaani na kusema kwamba nchi yetu ina uwezo wa kulima ngano, mpunga, miwa, alizeti na mahindi ya kututosheleza, huenda anasema kweli tupu, lakini hajajibu swali lililo muhimu zaidi. Uwezo karibu kila nchi inao. Linalotofautiana ni kile ambacho kila nchi inalazimika kukiacha ili kuutumia uwezo huo.

Mwingereza David Ricardo aliieleza hesabu hii mwaka 1817 katika kitabu chake kuhusu misingi ya uchumi na kodi, kwa mfano wa Uingereza na Ureno ambao bado unafundishwa hadi leo. Alisema tuchukulie kwamba Uingereza inahitaji watu 100 kwa mwaka mzima kutengeneza kiasi fulani cha nguo na watu 120 kutengeneza kiasi fulani cha mvinyo. Ureno inahitaji watu 90 kwa nguo zilezile na 80 kwa mvinyo uleule. Kwa mtazamo wa haraka Ureno haina sababu ya kununua chochote Uingereza, kwa kuwa inaishinda katika vyote viwili. Lakini tazama kinachoachwa. Ureno ikiwaweka watu 90 kwenye nguo, imewatoa kwenye mvinyo ambako wangezalisha zaidi ya kiasi kile kimoja. Kila nchi ikijitengenezea vyote, Uingereza inatumia watu 220 na Ureno 170. Uingereza ikitengeneza nguo za nchi zote mbili inatumia watu 200, na Ureno ikitengeneza mvinyo wote inatumia 160. Nguo ni zilezile, mvinyo ni uleule, lakini upande mmoja umeokoa kazi ya watu 20 na mwingine ya watu 10. Hiyo ndiyo faida linganishi. Haimtaki mtu awe bora kuliko mwenzake ili afaidike na biashara. Inamtaka tu ajue ni kazi gani inayomfanya aache kidogo kuliko nyingine zote alizonazo.

Katika ukanda wetu hesabu hii inasaidiwa na jambo ambalo Ricardo hakulihitaji katika mfano wake, yaani kalenda ya mvua. Katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania mvua huanza kunyesha mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili, na mahindi huvunwa kati ya Mei na Agosti. Katika ghala la nafaka la Kenya, yaani Trans Nzoia na Uasin Gishu, wakulima hupanda Machi na Aprili na kuvuna kuanzia Oktoba. Maana yake ni kwamba magunia ya Songwe na Rukwa yanakuwa tayari wakati uleule ambapo maghala ya Kenya yamekaribia kukauka na bei ya unga imepanda. Uganda, yenye misimu miwili, huvuna katikati ya mwaka na tena mwishoni. Kama mtu angepewa kazi ya kupanga mashamba ya Afrika Mashariki ili watu wake wasilale njaa mwezi wowote wa mwaka, asingepanga vizuri kuliko mvua zilivyopanga zenyewe. Ongeza ardhi. Kenya ina sehemu ndogo tu ya ardhi yenye mvua ya kutosha, na katika sehemu hiyo imejenga mazao yenye thamani kubwa: chai ya Kericho na Nandi, maua ya Naivasha, parachichi za Murang'a. Kila ekari ya namna hiyo ikigeuzwa kuwa ya mahindi, Kenya inapoteza fedha za kigeni ambazo zingenunua mahindi ya zaidi ya ekari moja mahali pengine. Tanzania kwa upande wake ina eneo kubwa la Nyanda za Juu ambako mahindi hustawi kwa mvua pekee. Kwa hiyo gunia likitoka Kibaigwa au Makambako kwenda Nairobi, na lori likarudi na sabuni, dawa za hospitali na mabati ya viwanda vya Kenya, hakuna aliyemuibia mwenzake. Kila upande umepata kwa bei nafuu kile ambacho ungekipata kwa tabu.

Gharama ya kuikataa hesabu hii tunaweza kuiona kwa macho. Mwaka 2014 Kenya ilizindua mradi wa umwagiliaji wa Galana-Kulalu, katika eneo kame la kaunti za Tana River na Kilifi, kwa ndoto ya kulima hadi ekari milioni 1 na kumaliza kabisa uagizaji wa mahindi. Shamba la mfano la ekari 10,000 lilikabidhiwa kampuni ya Israeli kwa mkataba wa zaidi ya shilingi bilioni 7 za Kenya. Miaka mitano baadaye mkandarasi aliondoka, eneo lililokuwa limelimwa likiwa dogo kuliko lililoahidiwa, na mradi ukaja kufufuliwa baadaye kwa kuingiza mwekezaji binafsi. Wakosoaji wengi waliuzungumzia kama suala la usimamizi mbovu, na usimamizi una sehemu yake. Lakini hata ungesimamiwa na malaika, mahindi ya kumwagiliwa jangwani yangelazimika kushindana na mahindi yaliyonyeshewa bure na mawingu ya Mbozi mkoani Songwe. Bilioni zile zingeweza kutengeneza barabara za mashambani, maghala yenye vikaushio, na maabara za mpakani ambazo zingeshusha bei ya unga kwa miaka mingi. Hiyo ndiyo bei ya pili, ile isiyoandikwa, na mlipakodi wa Kenya aliilipa bila kuoneshwa risiti.

Sukari inatoa ushahidi mrefu zaidi, kwa kuwa imechukua zaidi ya miaka 20. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 Kenya iliomba ndani ya soko la pamoja la COMESA ruhusa ya kuweka kikomo kwa sukari ya bei nafuu inayoingia kutoka nchi wanachama. Ruhusa ilikuwa ya muda, ili viwanda vijipange, vishushe gharama na vibinafsishwe. Muda ukaongezwa, ukaongezwa tena, na tena. Katikati ya ulinzi huo kiwanda cha Mumias, kilichoanza kusaga miwa mwaka 1973 na kikawa kikubwa kuliko vyote nchini, kilizama katika madeni hadi mwaka 2019 kikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa na wadai. Tatizo lilianzia shambani. Miwa ya magharibi mwa Kenya, inayotegemea mvua na mashamba madogo madogo, huchukua takriban mwaka mmoja na nusu kukomaa, wakati mashamba makubwa ya umwagiliaji kama ya Nakambala nchini Zambia huvuna kila mwaka. Mkulima wa Kakamega au Bungoma alikaa miezi 18 akingoja muwa ukomae, kisha akangoja miezi mingine alipwe na kiwanda. Katika muda huo shamba lilelile lingetoa misimu mitatu ya maharage, mboga au mahindi mabichi, au lingelisha ng'ombe wa maziwa. Ukuta uliojengwa kumlinda ulimfungia ndani ya zao lililokuwa likimfilisi, huku mama wa Kibera na Kisauni akilipa sukari ghali ili ukuta uendelee kusimama.

Tusidhani kwamba anayezuia kuuza nje yuko salama kuliko anayezuia kuingiza. Tanzania ilizuia mahindi kutoka nje ya mipaka mwaka 2011, ikazuia tena mwaka 2017, na mwaka 2023 masharti mapya ya vibali na usajili wa kampuni yaliacha malori ya wafanyabiashara wa Kenya yakikwama. Kinachotokea baada ya kila zuio kinajulikana kwa kila dalali wa nafaka. Mnunuzi wa mbali anaondoka, mlanguzi wa karibu anabaki peke yake na kutaja bei anayotaka, na mahindi mengine yanapita njia za panya ambako mkulima hulipwa kidogo zaidi kwa sababu mnunuzi anahesabu humo hatari ya kukamatwa. Wachumi Xinshen Diao na Adam Kennedy, katika utafiti wao kuhusu mazuio ya Tanzania uliochapishwa mwaka 2016, walionesha kwamba unafuu unakwenda kwa kaya za mijini, na anayeumia zaidi ni maskini wa kijijini. Halafu linakuja la msimu unaofuata. Mkulima aliyeuza kwa hasara hana fedha za mbolea ya kupandia, wala hana moyo wa kuongeza eneo. Analima kidogo, mavuno yanapungua, serikali inaona upungufu, na zuio jingine linatangazwa. Hofu ya njaa inageuka kuwa njia ya kuitengeneza njaa yenyewe.

Wapo watakaonijibu kwa methali: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Watasema chakula hakifanani na bidhaa nyingine. Nchi inayolishwa na jirani inaweza kuamriwa na jirani. Nao wana ushahidi. Katika msukosuko wa bei za chakula wa 2007 na 2008, nchi nyingi zilifunga milango, na India, muuzaji mkubwa wa mchele duniani, ilizuia tena aina fulani za mchele wake mwaka 2022 na 2023. Hoja hii inastahili kujibiwa kwa heshima, na jibu lina sehemu mbili. Kwanza, anayenunua hategemei cha nduguye. Anakilipia kwa jasho lake mwenyewe, kwa chai yake au sabuni yake. Kujitegemea kulikotangazwa Arusha mwaka 1967 hakukuwa na maana ya kila nchi kujifungia na chungu chake. Mwalimu Nyerere huyuhuyu ndiye aliyesema mwaka 1960 kwamba alikuwa tayari kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi za Afrika Mashariki ziungane. Pili, nchi inayokula mazao yake pekee imeweka maisha yake yote chini ya mawingu yake pekee. Msimu wa El Niño kwa kawaida huleta mvua nyingi Afrika Mashariki na ukame kusini mwa Afrika. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2024, Zambia ilipotangaza janga la taifa baada ya mahindi yake kukauka, ikageukia Tanzania kununua. Kati ya 2020 na 2023 mambo yalikuwa kinyume: kaskazini mwa Kenya kulikosa mvua msimu baada ya msimu, hadi mitano mfululizo. Mvua zinapokosekana kwa zamu, soko lililo wazi ndilo bima ya bei nafuu kuliko zote. Na kama tatizo ni kwamba jirani anaweza kufunga mlango wakati wa shida, basi dawa ni kumfunga jirani kwa mkataba asiufunge. Kila zuio linalotangazwa na Dodoma ni tangazo kwa Nairobi kwamba mahindi ya Tanzania hayaaminiki, na Galana-Kulalu nyingine inatafutiwa fedha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, kwa kuwa linatoka katika historia yetu. Faida linganishi, wanasema, ndiyo iliyotumiwa kutugawia kazi ya kuchimba na kulima ili wengine wapate kazi ya kutengeneza. Katani ililetwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na kufikia miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Kisha nyuzi za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaanguka, na mashamba yakageuka vichaka. Unguja na Pemba ziligeuzwa visiwa vya karafuu katika karne ya 19 kwa mikono ya watumwa, zikazoea kula mchele wa kuagizwa. Hata Ureno ya Ricardo haikupiga hatua ya viwanda kama Uingereza. Yote hayo ni kweli, na mtu anayeieleza faida linganishi bila kuyataja hajawa mkweli kwa wasomaji wake. Lakini tuangalie kosa lilikuwa wapi. Karafuu ya watumwa haikuwa biashara ya hiari. Gharama yake ilibebwa na watu wasiolipwa, na hesabu inayoacha uhai wa watu nje si hesabu. Katani ilianguka kwa sababu uchumi mzima wa mkoa ulibaki umefungwa kwenye zao moja wakati bei yake ilikuwa imebadilika, na gharama ya fursa inapaswa kupigwa upya kila bei inapobadilika. Faida linganishi haiandikwi mara moja kama hati ya kuzaliwa. Hujengwa kwa shule, umeme, barabara na ujuzi, na ikijengwa, nchi huhama kutoka kazi moja kwenda nyingine.

Korosho zinaonesha tofauti kati ya kujenga na kuamuru. Vietnam ilianza kama mkulima wa korosho, ikawekeza katika mashine za kubangua na mafundi wake, na leo ndiyo muuzaji mkubwa wa korosho zilizobanguliwa, ikinunua ghafi kutoka Afrika, zikiwemo za Mtwara na Lindi. Tanzania inayo haki na sababu ya kuitamani nafasi hiyo. Lakini mwaka 2018, wanunuzi walipotoa bei ya chini, serikali iliamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kuzisomba kwa magari ya jeshi, bila viwanda vya kutosha kuzibangua. Mzigo mkubwa ulikaa maghalani hadi mwaka uliofuata na wakulima wengi wakachelewa kulipwa. Hali hiyohiyo inanyemelea wazo kwamba tuuze unga badala ya mahindi. Kusaga nyumbani ni jambo jema pale linapolipa: pumba zinabaki kulisha mifugo na kuku, ajira zinabaki, na thamani inaongezeka. Ila kiwanda kinacholipa hakihitaji kupewa mahindi ya mkulima kwa bei ya kulazimishwa. Kikihitaji hivyo, basi thamani haijaongezeka. Imehamishwa tu kutoka mfuko wa mkulima wa Sumbawanga hadi mfuko wa mwenye kiwanda, na tumeiita maendeleo ya viwanda.

Kuna pingamizi la tatu ambalo wachumi wamezoea kulipita haraka, nami sitalipita. Hesabu ya Ricardo inasema nchi zote mbili zinafaidika. Haisemi kila mtu ndani ya nchi anafaidika. Mahindi ya Tanzania yakiingia Kenya kwa wingi, mkulima wa Kitale aliyevuna kwa gharama kubwa ya mbolea anaona bei yake ikishuka. Sukari ya Zambia au Malawi ikiingia bila kikomo, kijiji kizima cha wakata miwa kinaweza kukosa kazi, na mtu aliyekata miwa maisha yake yote hageuki mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kwa wiki moja. Faida ya biashara imetawanyika kidogo kidogo kwa mamilioni ya wanunuzi wa unga, na hasara imerundikana kwa watu wachache wanaojulikana majina na vijiji. Ndiyo maana kilio cha hasara husikika bungeni na furaha ya unafuu haisikiki. Jibu la haki ni kuchukua sehemu ya faida na kuwafidia wanaoumia: kulipa kwanza madeni ya wakulima wa miwa, kuwapa mikopo na maofisa ugani wa kuhamia mazao mengine, na kupunguza ulinzi hatua kwa hatua kwa tarehe zilizoandikwa na zisizosogezwa. Miaka zaidi ya 20 ya sukari ya Kenya inatufundisha kwamba ulinzi usio na tarehe ya mwisho humzoesha mwenye kiwanda kuzunguka wizarani kuomba nyongeza ya muda, na mkulima anabaki na muwa wake shambani.

Liko pia suala la usalama wa chakula, na hili halina mzaha. Mwaka 2004 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka, iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, na mwaka 2016 ikaua tena katikati ya Tanzania, Dodoma na Manyara. Kwa hiyo Machi 2021, mamlaka ya kilimo ya Kenya ilipozuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ilikuwa imegusa hofu ya kweli. Lakini ilichukua njia isiyo ya kweli. Sumukuvu hutokana na unyevu, joto na uhifadhi mbaya. Haitokani na uraia wa gunia, na wale waliokufa Makueni walikuwa wamekula mahindi ya nyumbani kwao. Siku chache baadaye zuio liligeuzwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na mzigo uwe na cheti kwamba sumu haizidi kiwango cha sehemu 10 kwa bilioni, ambacho ndicho kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hiyo ndiyo njia iliyopaswa kufuatwa tangu siku ya kwanza. Pima kila lori Namanga, Holili na Sirari kwa kipimo kimoja kinachokubaliwa pande zote, rudisha lililochafuka, pitisha lililo safi. Kipimo humlinda mlaji na kumwelekeza mkulima anunue turubai na kukausha vizuri. Zuio la jumla humwadhibu aliyekausha sawa na asiyekausha.

Jumuiya ya Afrika Mashariki imekuwa na umoja wa forodha tangu mwaka 2005 na soko la pamoja tangu 2010, na ushuru wa ndani kwa bidhaa zetu wenyewe umeondolewa kwenye karatasi. Kinachobaki ni tamko la ghafla, kibali kinachobadilika, na kisasi. Aprili 2025 tuliona jinsi ugonjwa huu unavyosambaa: Malawi ilikuwa imezuia mazao ya Tanzania kama unga, mchele, tangawizi na ndizi, Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi, kisha baada ya siku chache ikalegeza. Siku chache ni nyingi kwa mwenye lori la ndizi. Tunachohitaji hakigharimu mabilioni. Nchi wanachama zikubaliane kwamba hakuna zuio la kuuza wala kununua chakula litakalotangazwa bila notisi ya miezi isiyopungua mitatu, na kwamba mizigo iliyokwisha kulipiwa itapita. Akiba za taifa, yaani NFRA ya Tanzania na maghala ya taifa ya Kenya, zinunue kwa bei ya soko na zitangaze kila mwezi kiasi zilichonacho, ili hofu ipigwe na takwimu badala ya uvumi. Nchi ikiogopa upungufu, ijaze akiba yake kwa kumlipa mkulima vizuri. Itampata akiuza kwa hiari, na msimu ujao atalima zaidi.

Juu ya yote, wabunge na wahariri wetu waanze kuuliza kuhusu ile bei ya pili. Kila waziri anayependekeza kufunga mpaka au kuanzisha mradi wa kujitosheleza kwa zao fulani atoe tarakimu mbili hadharani: tunachotarajia kukipata, na kile ambacho ardhi, maji na fedha hizo zingetupatia kwingine. Pale tarakimu ya kwanza itakapokuwa kubwa, tumuunge mkono bila kusita, hata kama ni kiwanda kipya kinachohitaji kulindwa kwa muda maalumu. Pale ya pili itakapoizidi, tuseme hapana, hata kama wimbo wa uzalendo unavutia masikioni. Mkulima wa Mbozi na mpika ugali wa Mathare hawana ugomvi wowote kati yao. Mmoja ana mahindi mwezi ambao mwingine hana. Serikali zao zina wajibu wa kuifungua njia inayowakutanisha, kuipima mizigo inayopita humo kwa haki, na kuahidiana kwa maandishi kwamba haitafungwa kwa tamko la usiku mmoja.